Meno Manne ya Dada

Machi 3, Jumatatu

Jana mchana nilimpiga dada yangu ngumi ya mdomo, meno manne ya mbele, ya juu, yakatoka. Naandika hivi hivi ilivyokuwa, maana tangu jana kila mtu anatafuta neno la kufunikia. Mjomba anasema "ile ajali". Mke wangu anasema "yale mambo". Haikuwa ajali. Ajali haikunji ngumi.

Tulikuwa mezani kwake, anakoishi na mama. Nilitaka hati ya kiwanja cha mama nikakopee benki, niache kazi ya machinjioni, nifungue bucha yangu. Dada akasema hati haitoki humu ndani. Nikasema mimi ndiye mwanamume wa familia hii. Akatabasamu kidogo, akasema, "Ukinitolea macho hivyo unafanana na baba." Mkono ukatangulia, akili ikafuata nyuma inachechemea. Kazi yangu ni kuangusha ng'ombe. Wenzangu wananiita Nyundo. Dada ana uzito wa ndama. Alianguka pamoja na kiti. Meno matatu yalitoka mazima, la nne likakatikia ndani ya fizi. Mama hakupiga kelele. Alipiga magoti akaanza kupapasa sakafu kwa kiganja, kama mtu aliyemwaga shanga. Mimi nilitoka nikaenda kuwasha pikipiki.

Leo mjomba kanipeleka kuomba radhi. Kazungumza nusu saa nzima: damu nzito kuliko maji, shetani alipita, ya nyumbani yaishie nyumbani. Dada kabana kitambaa mdomoni, uso umevimba mpaka jicho la kushoto limefumba. Akachukua kalamu yake nyekundu ya kusahihishia, akaandika kwenye karatasi: Sitaki samahani. Nataka meno.

"Akikuletea meno, yameisha?" mjomba akauliza.

Akaandika: Meno kwanza.

"Haya, yameisha," mjomba akasema, akanipigapiga begani.

Daftari hili nimelinunua niandikie gharama za meno, lakini naona kalamu inakwenda kwingine. Basi na hili nalo liandikwe: sijawahi kumpiga mwanamke kabla ya jana.

Machi 4, Jumanne

Mvua ya kwanza ya masika. Ng'ombe ishirini na sita. Mfereji umeziba, tumefanya kazi tukisimama kwenye uji mwekundu mpaka vifundoni.

Machi 6, Alhamisi

Nimempeleka dada kliniki ya meno, ile yenye feni na samaki kwenye kioo. Daktari ni mama wa makamo mwenye miwani. Alimtazama dada kinywani, kisha akanitazama mimi mikononi. Hakuuliza.

Nilitaka bei, akanipa bei. Nilizipima kwa pikipiki yangu, ndiyo mali pekee niliyo nayo. Meno ya kupandikiza kwenye mfupa: niuze pikipiki mara saba. Daraja la kugandishwa: pikipiki mbili na robo, na lazima wayachonge meno mazima ya pembeni ili lipate pa kushika. Ya kuvaa na kuvua, yenye fremu ya chuma: pikipiki nzima. Ya kuvaa na kuvua, ya plastiki: mshahara wangu wa miezi mitatu, nisile, nisilipe kodi, nisipumue.

"Na bima je?" nikauliza. "Huyu ni mwalimu, anakatwa kila mwezi."

"Bima italipia kung'oa ule mzizi uliobaki. Meno ya bandia kwao ni urembo."

"Urembo!" Nilipiga meza, kalamu zikaruka. "Mtu hawezi kutamka, hawezi kung'ata, urembo?"

Daktari hakushtuka. "Baba, meza yangu haikuandika masharti ya bima. Halafu fizi zinataka wiki sita hadi nane zipone ndipo tuchukue vipimo. Muda wa kutafuta pesa unao."

Njiani nilimwambia dada tuchangie, nusu kwa nusu. Alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyekamatwa akinakili mtihani.

Machi 10, Jumatatu

Mchuna ngozi mmoja alisema mbele ya watu, "Siku hizi Nyundo akikosa ng'ombe anamalizia kwa dada yake." Wakacheka. Nilimkaba koo, nikambana ukutani katikati ya ndoano mbili, miguu yake ikipiga hewa, macho yakawa mekundu, kicheko kikakatika kwa wote. Watu wanne ndio walionibandua. Msimamizi kanikata siku tano. Ngumi hii inakula meno kabla sijayanunua.

Lakini nilijisikia vizuri. Nalo liandikwe.

Machi 14, Ijumaa

Nyuma ya soko kuna fundi wa meno, kibanda chake kipo kati ya fundi saa na fundi viatu. Bei yake ni mshahara wa siku nane. Hangoji fizi zipone. Dada alikataa kwa kichwa, nikamsihi mpaka mama akasema, "Twendeni tukaone." Fundi akamjaza nta ya moto kinywani. Dada alikamata kiti kwa kucha, machozi yakimtiririka.

"Mvumilivu hula mbivu, mwalimu," fundi akasema. "Asiye na meno hula uji."

Nilicheka. Nilicheka peke yangu.

Machi 19, Jumatano

Kayavaa. Meupe kama vigae vya choo. Anasema yanabana. Nimemwambia hata kiatu kipya hubana.

Machi 22, Jumamosi

Mama kanipigia simu saa moja asubuhi: njoo. Nimemkuta dada kitandani, homa inamtetemesha, shavu limepanda. Vile vishikizo vya waya vimemchana kaakaa, fizi zimetunga usaha. Kwa siku tatu alivumilia, anafundisha na lile dude mdomoni, kwa sababu hakutaka niseme nimeleta akakataa.

Aliliinua kwenye bakuli la maji ya chumvi, akanirushia kifuani. Likanipiga kwenye mfupa wa kidari.

"Nilikuambia meno," akasema. Maneno yake siku hizi yanatoka na upepo. "Umeniletea kisu."

Nilijitetea. Nikasema nahangaika, nakatwa mshahara, nachekwa kazini, hakuna anayeona. Mama alikuwa kakaa kwenye kigoda anakanda kitambaa cha moto. Mama hana meno ya juu tangu mimi niko darasa la pili. Siku zote nilijua yalitokaje, na siku zote tulikuwa tunasema "mama alianza kuzeeka mapema".

"Usichoke, mwanangu," akasema bila kunitazama. "Baba yako hakuuliza hata bei."

Nilitaka kuyapokea kama sifa. Nilipofika nyumbani ndipo yalianza kuniuma.

Machi 23, Jumapili

Nilikwenda kwa yule fundi nikavunja kibanda chake. Nta, vikombe, vioo, vyote. Yeye alikimbia kwa mlango wa nyuma. Dada hakunituma.

Machi 25, Jumanne

Nilipita shuleni kumpelekea dawa za fizi. Nilisimama dirishani nje ya darasa la kwanza, mvua ikinidondokea shingoni. Alikuwa ameshika kadi yenye herufi F na picha ya fisi.

"Ha, he, hi," dada akasema.

"Ha, he, hi!" watoto hamsini wakaitikia.

"Siyo hivyo. Sikilizeni. Ha..." Akasimama. Akaweka kidole mdomoni kuwaonyesha jino linavyokaa juu ya mdomo wa chini, na pale pa jino hapana kitu. Mtoto mmoja wa mbele akauliza, "Mwalimu, hisi ni nini?" Darasa zima likaangua kicheko. Dada naye akacheka, akafunika mdomo kwa kadi. Ndipo akaniona.

Dawa nilimwachia mlinzi. Mwalimu mkuu kamwambia kuanzia Aprili atakaa stoo kuhesabu vitabu, na kama muhula ukiisha hali ni hiyo hiyo, mkataba wake hauna uhakika. Miaka kumi na tisa kawafundisha watoto wa mji huu kusoma. Na mimi alinifundisha yeye, kwa mkaa, ukutani, nikiwa na miaka mitano.

Machi 28, Ijumaa

Yule dalali anayetoa wapangaji majumbani kwa amri ya mahakama hununua maini kwetu kila Ijumaa. Leo kanivuta pembeni. "Nyundo, mwili wote huu unauozesha kwa ng'ombe. Njoo kwangu. Kazi ya saa tatu, malipo ya wiki mbili. Wengi wakikuona tu mlangoni wanaanza kukunja godoro wenyewe."

Aprili 2, Jumatano

Kazi ya kwanza. Mwanamke na wanawe. Kweli, waliniona wakaanza kukunja. Sikugusa mtu. Pesa nimeificha kwenye buti.

Aprili 3 hadi 9

Mvua. Mvua. Daktari wa kliniki ya serikali kang'oa mzizi wa dada. Kazi nne nyingine za dalali, wote wamekunja wenyewe. Mvua.

Aprili 11, Ijumaa

Leo ilikuwa kwa fundi cherehani mmoja, mzee, chumba cha mbele duka, cha nyuma nyumba. Kodi ya miezi saba. Tulikuwa watatu na dalali. Mke wake alikuwa anatoa vyombo taratibu, analia kimya kimya. Mzee alitoa vitambaa, akatoa meza, akatoa hata kalenda ukutani. Lakini dalali alipoandika cherehani kwenye orodha ya vitu vya kushikiliwa, mzee alikikumbatia.

"Chukueni vyote. Hiki ndicho mkono wangu."

"Nyundo," dalali akasema, "mwachishe."

Nilimvuta mabega, hakuachia. Nilimvuta kiuno, akaja na meza ya mashine yenyewe. Vijana wawili niliokuja nao walikuwa wananitazama, mmoja anatabasamu. Watu wamejaa nje kwenye matope. Nilimwambia, "Mzee, achia." Nikamwambia tena, "Baba, achia." Hiyo "baba" ndiyo iliyoniharibia, maana aliinua uso akanitazama, na katika macho yake sikuona hofu, niliona dharau. Mpini wa nyundo ulikuwa mkononi, tulikuja nao wa kung'olea makufuli. Nilimpiga kwenye vidole. Mara moja, hakuachia. Mara ya pili nikasikia mlio.

Mimi najua mlio wa mfupa. Naishi nao kila siku.

Aliachia. Alikaa chini sakafuni akaushika mkono mmoja kwa mwingine, hakupiga ukelele, alikuwa anahema tu kama aliyekimbia. Mke wake alinirushia chungu cha maji, kikanipasua paji la uso. Yule kijana alikuwa bado anatabasamu. Dalali kanilipa pale pale, kaongeza na ya kidonda.

Pesa imetimia. Meno ya plastiki, kliniki yenye samaki. Nimezihesabu mara tatu na kila mara nafika kwenye vidole.

Aprili 12, Jumamosi

Nilimwekea dada bahasha mezani, pale pale alipokuwa amekaa siku ile.

"Umezitoa wapi?"

"Nimefanya kazi."

"Kazi gani?"

Nikaisogeza bahasha karibu naye. Akasema, "Yule mzee ndiye anayewashonea wanafunzi wetu sare. Jana mke wake alipita shuleni kuomba tumlipe kidogo ampeleke hospitali. Vidole vitatu. Akatueleza mtu mwenyewe alivyo: mrefu, ana kovu kidevuni, wenzake wanamwita Nyundo."

Alichukua rula, akaisukuma bahasha kwa rula mpaka ukingoni kwangu. Hakutaka kuigusa.

"Unataka nitafune kwa vidole vya mtu?"

"Basi nifanye nini?" Nilipaza sauti. "Niambie wewe msomi! Nifanye nini?"

Mama aliyekuwa mlangoni alirudi nyuma hatua mbili, mgongo ukagusa ukuta. Dada hakurudi nyuma. Alishika kiti kwa mikono miwili, akakiinua kidogo kutoka sakafuni, miguu ya kiti ikanielekea mimi. Nikaona kwamba tangu niingie, kiti kile kilikuwa kando ya mkono wake, tayari.

"Una pikipiki," akasema.

Aprili 15, Jumanne

Nimeuza pikipiki. Mnunuzi aliijaribu kwenye matope, akarudi anacheka, "Mashine ina hasira hii." Kesho nakwenda kazini kwa miguu, saa kumi na moja alfajiri.

Ile bahasha nilimpelekea mzee fundi. Wanakaa kwa shemeji yao sasa. Mke wake ndiye aliyefungua. Alizihesabu mbele yangu, akasema hazifiki bei ya cherehani, akazipokea. Kisha akanitemea mate kwenye shati. "Ondoka kabla mume wangu hajaisikia sauti yako."

Nimemwambia dalali simo tena. Kasema, "Utarudi. Watu kama wewe hamna kazi nyingine."

Aprili 19, Jumamosi

Niliingia nyumbani nimelowa, hakuna aliyenisikia. Mke wangu alikuwa jikoni. Nilimuuliza kwa nini hakuniwekea maji ya kuoga. Nikainua mkono kufuta mvua usoni. Kufuta mvua, basi. Akainua kiwiko akafunika kichwa, akajikunja kwenye kona ya sinki, upesi, kama mtu anayejua njia hiyo gizani. Binti yangu wa miaka kumi na tano alikuja mbio kutoka chumbani, akasimama katikati yetu ameshika sufuria tupu.

Nikasema, "Nafuta mvua."

 Binti hakuishusha sufuria.

Mtu hajikingi ngumi asiyoijua. Machi 3 niliandika uongo humu. Mwaka juzi nilimpiga mke wangu kofi moja. Sasa nimeandika.

Aprili 21, Jumatatu

Mke wangu na binti wamekwenda kwa wakwe. Wameacha ugali kwenye hotipoti na kitambaa juu yake.

Aprili 22, Jumanne

Daktari wa miwani ndiye aliyenielekeza: chuo cha madaktari wa meno kina kliniki ya wanafunzi, kazi ile ile, mwalimu anasimamia, bei nusu. Unalipa nusu siku ya vipimo, nusu siku ya kuvaa. Sharti ni uvumilivu, kila hatua inakaguliwa mara mbili. Kwa pikipiki yangu dada atapata ya fremu ya chuma, na itabaki ya marekebisho fizi zikisinyaa.

Kwa nini sikuuliza hivi siku ya kwanza? Nilitafuta kwa fundi wa nta, nikatafuta kwa dalali. Kuuliza kwa upole sikujaribu.

Aliyepangiwa dada ni binti mwembamba, glavu zinampwaya. Alijaza kibakuli cha vipimo udongo laini wa waridi, akakisukuma juu kwenye kaakaa la dada. "Ukiumia, inua mkono, mwalimu, nitaacha mara moja." Dada aliinua mkono mara moja, na yule binti akaacha mara moja. Nilitazama hilo kama mchezo wa ajabu.

Mei 6, Jumanne

Kajaribishiwa meno kwenye nta. Yule mwanafunzi aliuliza kama ana picha ya zamani akicheka, ili ayapange yalivyokuwa. Dada katoa picha ya harusi yangu. Pichani amecheka kuliko watu wote.

Mei 7 hadi 19

Mvua zinapungua. Ng'ombe thelathini, ishirini na tatu, thelathini na mmoja. Yule mchuna ngozi haniangalii. Kwa wakwe simu haipokelewi. Mimi hupika mayai.

Mei 20, Jumanne

Leo kayavaa. Mwanafunzi aliyaingiza taratibu, vishikizo vikalia kidogo kwenye meno ya pembeni. Akampa kioo. Dada alijitazama muda mrefu. Mwalimu wao akasema, "Hebu sema kitu chenye F."

"Fa," dada akasema. "Fe. Fi. Fo. Fu. Fisi. Fedha. Familia."

Yule binti mwembamba alipiga makofi, akakumbuka mgonjwa mwingine kalala, akaacha. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na risiti ya mwisho.  Nilingoja dada aniangalie, na akaniangalia.

"Asante kwa kulipa," akasema, kila herufi mahali pake. "Sasa nenda nyumbani kwako."

Nilikwenda nikiwa mwepesi. Nilidhani yameisha.

Mei 26, Jumatatu

Askari wawili walikuja machinjioni saa nne. Nilikuwa na kisu mkononi, wakasimama mbali wakaniambia nikiweke chini. Nilikiweka. Wenzangu wote waliacha kazi, hata yule mchuna ngozi. Nilidhani ni vidole vya mzee, lakini lilikuwa jina la dada. Alifungua shauri Mei 21, siku moja tu baada ya kuvaa meno, na kwenye maelezo, askari alinisomea, kasema: nilisubiri niweze kutamka vizuri ili pasiwe na neno la kukosewa.

Mei 28, Jumatano

Mjomba kanidhamini. Amefura. "Umeuza pikipiki! Umelipa! Na bado! Sikiliza, utasema aliteleza. Mama yako atanyamaza, jirani hakuona. Neno lake dhidi ya lako."

"Mama alikuwepo."

"Mama yako amenyamaza miaka arobaini, leo ndiyo ataanza?"

Juni 5, Alhamisi

Mama aliingia mahakamani kashikwa mkono na dada. Wakakaa upande wa kule.

Hakimu alisoma shtaka. Kabla sijajibu, mjomba alisimama nyuma akapunga risiti. "Mheshimiwa, haya yamemalizwa kifamilia! Meno yamelipwa yote, hizi hapa!" Karani akamkaripia, lakini hakimu akaziomba, akazipitia moja moja. Akamgeukia dada.

"Mama, umelipwa?"

"Meno nimelipwa, mheshimiwa," dada akasema. "Kupigwa sijalipwa."

Sauti ilifika mpaka ukuta wa nyuma.  Hakimu akaniuliza ni kweli au si kweli. Nilimwona mjomba akitikisa kichwa: si kweli, si kweli. Nilimwona mama. Midomo yake iliyoingia ndani ilikuwa imefunguka, na nikajua kwamba nikisema si kweli, yeye atasimama. Atasimama na atasema, kwa mara ya kwanza maishani, na hakuna meno ya kumsaidia.

"Ni kweli," nikasema.

Na kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikasema habari ya fundi cherehani pia. Hakimu aliniambia ningoje, hilo ni shauri lingine. Kaagiza afisa ustawi wa jamii afuatilie mwenendo wangu nyumbani, ndipo atoe hukumu.

Juni 19, Alhamisi

Ripoti imesomwa leo. Afisa ni kijana mpole mwenye sauti ndogo, ilibidi watu wanyamaze wamsikie. Alikuwa amekwenda kwa wakwe zangu mara mbili.

Mke wangu kamwambia kwamba kofi la mwaka juzi halikuwa moja. Yalikuwa manne, Julai 12, na la mwisho lilimtoa damu sikioni. Sikio la kushoto halijasikia tangu hapo. Mimi miaka miwili yote hii nikimwita kutoka upande huo asiitike nilidhani ananipuuza, na mara mbili nilimpiga kwa hilo.

Kasema Agosti 30, miaka mitano iliyopita, nilimsukuma ngazini akiwa na mimba ya miezi mitatu. Hospitali alisema aliteleza. Mimba ile tulimwambia kila mtu kwamba haikuwa riziki. Nilikuwa nimeanza kuamini hivyo.

Kasema Desemba 9 ya mwaka huo huo, mkanda.

Binti yangu kasema jambo moja tu. Kwamba zamani alikuwa anajua nimerudi kwa mlio wa pikipiki, akapata muda wa kumwambia mama yake. Na kwamba ilipouzwa alilia siku nzima, kwa sababu sasa ningekuja bila mlio.

Dada alikuwa kainamisha kichwa. Nadhani hayo hata yeye hakuyajua.

Hukumu ni kesho saa tatu. Mjomba kasema wakili anaweza kuomba ripoti ifutwe, kwamba ni maneno ya mke mwenye hasira, tarehe za kubahatisha. Nimemwambia asiombe. Nimekaa mezani tangu saa tisa, nazirudia moja moja: mvua ilikuwaje, nilikuwa nimevaa nini, nilitoka wapi. Hakuna hata tarehe moja aliyokosea.